Kompyuta Iliyomzoea Mwenyewe

Kompyuta inapotoka kwenye boksi huwa imeshaamuliwa mambo mengi na watu ambao hawatamwona kamwe atakayeitumia. Wameamua kwamba mibofyo miwili ya kipanya ikipishana kwa zaidi ya nusu sekunde haitahesabiwa kuwa amri ya kufungua faili. Wameamua ukubwa wa herufi, weupe wa kioo, kasi ya mshale, na muda ambao kitufe kilichobanwa kitasubiri kabla hakijaanza kumwaga herufi mfululizo. Mara nyingi wameamua pia kwamba karatasi ya kuchapia ni ya vipimo vya Marekani na kwamba mwezi huandikwa kabla ya siku. Yote hayo ni makisio, na mengi ni makisio mazuri, kwa kuwa yalifanywa na watu makini. Upo ufundi mzima wa kuyachukua makisio hayo moja baada ya jingine na kuyasogeza mpaka yamkae mtu mmoja anayejulikana kwa jina na kwa mkono wake. Ufundi huo hauna cheti, wala sijaona bango lake barabarani. Wanaoujua huitwa mafundi wa kompyuta tu, sawa na wanaobadilisha betri na wanaoondoa virusi, na malipo yake aghalabu hufichwa ndani ya bei ya kazi nyingine.

Nimebahatika kuutazama ukifanywa vizuri. Fundi ninayemfikiria ana kijichumba chake Kariakoo, na wateja wake wengi ni watu wa kuandika: walimu, makarani, wanafunzi wenye tasnifu, wastaafu walioamua kuweka habari za ukoo wao kwenye maandishi. Akiletewa mashine ya "kuwekwa sawa", hagusi chochote. Anamwambia mwenyewe akae, afanye kazi yake ya kila siku, naye anasimama nyuma kidogo ya bega la kulia.

"Shikamoo, Mwalimu," alimwamkia mzee mmoja aliyefika na laptop iliyotumika.

"Marahaba, binti yangu. Mashine hii hainisikii kabisa."

"Niandikie barua, Mwalimu, kama unavyoandika nyumbani. Usijali mimi nipo."

Mzee akaandika, na fundi akatazama mikono yake. Kioo alikitupia jicho mara chache tu. Aliona kwamba Mwalimu akitaka kufungua faili, mbofyo wa pili ulichelewa, na badala ya faili kufunguka, jina lake lilipigwa rangi likisubiri kubadilishwa. Aliona kwamba baina ya mbofyo wa kwanza na wa pili mkono uliteleza kidogo, faili likaburutwa na kuangukia ndani ya folda jirani. Aliona herufi zikijirudia pale kidole kilipokawia kuinuka. Aliona kwamba mzee huandika akitazama kibodi, kwa hiyo kitufe cha herufi kubwa kikiguswa kwa bahati mbaya, mstari mzima hujaa herufi kubwa kabla hajainua uso. Tena aliona kwamba kila baada ya muda Mwalimu alikitikisa kipanya huku na huko akiutafuta mshale, na kwamba kichwa chake kilikuwa kikisogea mbele, polepole, mpaka miwani ikakaribia kioo. Mwalimu mwenyewe angeulizwa angesema neno moja tu: uzee. Fundi alikuwa na mambo sita ya kufanyia kazi, na kila moja lilikuwa na kipimo chake mahali fulani ndani ya mashine.

Hapo ndipo ninapoiona heshima ya kazi hii. Fundi wa haraka angefungua mipangilio na kuipanga kama alivyopanga ya kwake: mshale wa mbio, herufi ndogo ili mengi yaenee kwenye kioo, rangi nyeusi kwa kuwa vijana wanaipenda. Mashine ingeonekana ya kisasa, na mzee angerudi nayo nyumbani akiwa mgeni zaidi ya alivyokuja.

Alianza na mbofyo. Windows huruhusu muda wa baina ya mibofyo miwili kusogezwa, kutoka milisekunde 200 hadi 900, na 500 ndiyo iliyowekwa kiwandani. Pembeni ya kipimo hicho kuna picha ya folda ndogo ya kujaribia, inayofunguka mbofyo ukikubaliwa. Fundi alisogeza kidogo, akamwomba Mwalimu ajaribu, akasogeza tena. Nilidhani angeivuta hadi mwisho na kumaliza. Hakufanya hivyo, na sababu yake ni nzuri. Ukiupa mbofyo muda mrefu kupita kiasi, mibofyo miwili ambayo mtu alikusudia iwe mbalimbali huhesabiwa kuwa jozi, na mafaili huanza kufunguka bila kuitwa. Alisimama pale ambapo folda ilifunguka kila mara na mkono wa mzee ukiwa umetulia.

Kuhusu kuteleza, alikwenda mahali ambapo wengi hawafiki. Windows huhesabu kwamba umeanza kuburuta kitu pale mshale unaposogea nukta 4 tu huku kitufe kikiwa kimebanwa. Kwa kijana hizo zinatosha. Kwa mkono unaotetemeka ni sawa na hakuna. Kipimo hicho hakimo kwenye menyu yoyote ya kawaida. Kimo ndani ya rejista, ile ghala ya ndani ambamo Windows hutunza maamuzi yake, kikiwa tarakimu mbili, ya upana na ya kimo. Fundi aliziongeza, akatoka kwenye akaunti na kuingia upya ili zishike, na tangu hapo faili lilihama pale tu mzee alipotaka lihame. Hakuna ajuaye kwa kutazama kioo kwamba kuna lililobadilika. Mimi naona hiyo ndiyo alama ya kazi safi katika fani hii, kwamba kinachoonekana ni mtu kufanya kazi yake bila kuchoka.

Kwenye kibodi alikuwa na njia mbili. Kuna mpango unaoiambia mashine ipuuze kila mguso mfupi, mpaka kitufe kibanwe kwa muda fulani ndipo herufi itoke. Umewasaidia watu wengi ambao vidole vyao hugonga vitufe wasivyovitaka. Kuna pia kipimo cha kawaida cha kuchelewesha kujirudia kwa herufi, chenye hatua nne, kutoka takriban robo sekunde hadi sekunde nzima. Fundi alichagua cha pili, akakiweka kwenye hatua ndefu kabisa. Alikuwa ameona kwamba Mwalimu, alipokuwa na uhakika wa neno, aliandika upesi, kwa mapigo mepesi ya mtu aliyejifunzia kwenye taipureta. Mpango wa kupuuza miguso mifupi ungemnyang'anya upesi huo. Msaada unaozidi haja hugeuka mzigo, na kujua unazidi wapi hakufundishwi na kitabu cha maelekezo. Kitufe cha herufi kubwa alikipa mlio, ili kikiguswa mzee asikie hata kama hatazami.

Misaada hii ya kibodi, pamoja na ule wa kumwezesha mtu wa mkono mmoja kubonyeza vitufe viwili kimoja baada ya kingine badala ya kwa pamoja, ina asili inayostahili kukumbukwa. Kwa upande wa Windows, ilitokana na kazi ya Trace Center, kituo cha utafiti kilichokuwa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani chini ya Gregg Vanderheiden, na ikaingizwa ndani ya Windows 95. Tangu hapo imo kwenye kila kompyuta ya Windows duniani. Bonyeza Shift mara tano mfululizo, na ule wa vitufe viwili unajitokeza na kuuliza kama unauhitaji. Wengi huujua kama kero inayokatiza mchezo. Ningependa wajue kwamba mlango huo umewekwa pale makusudi, ili mtu asiyeweza kufika kwenye menyu aufikie msaada kwa kidole kimoja.

Laptop ya Mwalimu ilikuwa imetoka Ujerumani, kama zilivyo nyingi zinazoingia madukani kwetu baada ya kutumika Ulaya au kupitia Dubai. Kibodi ya Kijerumani ina Z pale ambapo yetu ina Y, na Y pale penye Z. Aliyemuuzia alikuwa ameiwekea mpangilio wa Kimarekani bila kujali vitufe vimeandikwa nini. Matokeo yake, Mwalimu alibonyeza Z akapata Y. Katika lugha nyingine kosa hilo lingejitangaza lenyewe. Katika Kiswahili "zangu" likawa "yangu", "zao" likawa "yao", na yote ni maneno halali ambayo hakuna kamusi ya mashine itakayoyapigia mstari. Barua za mzee zilikuwa zimejaa makosa ya upatanisho ambayo mwalimu wa lugha hangeyafanya hata usingizini, na alikuwa ameanza kujitilia shaka.

Swali la fundi lilikuwa fupi: "Mwalimu, ukiandika unatazama herufi au vidole vinajua vyenyewe?" Anayetazama, kama Mwalimu, huwekewa mpangilio unaofuata maandishi ya vitufe. Anayeandika kwa mazoea ya vidole huwekewa mpangilio ambao vidole vyake vinaujua, na maandishi ya vitufe hubandikwa stika au huachwa tu. Swali hilihili huulizwa kwa namna nyingine mteja anapotoka Bujumbura au Lubumbashi, ambako watu wamejifunzia kibodi ya Kifaransa, yenye A pale penye Q yetu, M pembeni ya L, na tarakimu zisizotoka mpaka ushike Shift. Mtu huyo akinunua mashine Dar es Salaam, fundi mwenye busara hamlazimishi aanze upya. Anaongeza mpangilio wa Kifaransa karibu na ule wa Kiingereza na kumwonyesha vitufe viwili vya kuhamia huku na kule.

Halafu ikaja Word, na hapa fundi alikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Programu hii ina desturi ya kusahihisha bila kuulizwa, na usahihishaji wake ulitungwa kwa ajili ya Kiingereza. Mwalimu anayetunga mtihani huandika (a), kisha (b), kisha (c), na ile ya tatu hugeuka kuwa alama ya hakimiliki. Akifika (e) anapata alama ya yuro. Akiandika "k.m." na kuendelea, neno linalofuata huanza kwa herufi kubwa kwa kuwa mashine imeona nukta na kudhani sentensi imekwisha. Fundi alifungua orodha ya masahihisho, akafuta yale ya mabano, kisha akaingia kwenye orodha ya vighairi, mahali pa kuiambia programu ni vifupisho gani visivyomaliza sentensi, akaingiza "k.m.", "n.k.", "k.v.", "taz." na "uk." Kisha akaigeuza desturi ileile imtumikie mzee. Orodha inayobadilisha (c) kuwa alama inaweza pia kubadilisha "jmt" kuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na "wem" kuwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Alimuuliza Mwalimu ni majina gani marefu anayoandika kila wiki, akayaingiza, na akahakikisha kila kifupisho si neno la Kiswahili wala mwanzo wa neno ambalo mzee angeweza kuliandika peke yake.

Mistari myekundu ilikuwa suala la namna yake. Ukiandika Kiswahili huku programu ikiamini unaandika Kiingereza, ukurasa mzima huwa mwekundu, na jicho hujifunza kuupuuza wekundu hata pale ungekuwa na maana. Kamusi za Kiswahili za kukagua tahajia zipo, za Word na za LibreOffice, lakini lugha yetu huzipa kazi ngumu. Kitenzi kimoja huzaa maumbo mengi mno: alisoma, hajasoma, wasiposoma, aliyekisoma, tutakaposomeshana. Kuongeza neno kwenye kamusi ya mtumiaji kunasaidia kwa majina ya watu na mahali, ila kwa vitenzi ni kuteka bahari kwa kijiko. Uamuzi wa fundi ulikuwa kuweka kamusi ya Kiswahili, kuacha mistari iwepo wakati wa kuhariri, na kuizima wakati wa kuandika, akimpa Mwalimu njia fupi ya kuiwasha na kuizima. Nimeona wahariri wa magazeti wasio na utaratibu mzuri kama huo.

Lugha ya menyu aliiacha kwa mzee mwenyewe achague. Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004, kwa kazi iliyofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imewezekana kuandika barua kwenye kompyuta yenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo imetoa kiolesura cha Kiswahili. Ningetamani kila mtu akitumie. Fundi hakubaliani nami, na nadhani ana haki: mtu aliyezoea njia zake kwa majina ya Kiingereza hupotea akibadilishiwa ghafla, hata kama Kiswahili ndicho alichonyonya. Anayeanza leo ni tofauti, huyo hupewa Kiswahili moja kwa moja. Mwalimu alibaki na Kiingereza.

Karatasi, tarehe na fedha zilichukua dakika chache. Karatasi ya Marekani ni milimita 216 kwa 279, A4 yetu ni 210 kwa 297, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayosimamisha printa katikati ya kazi ikidai karatasi isiyouzwa hapa. Kubadilisha eneo kuwa Tanzania hupanga tarehe upya. Ukubwa wa karatasi hubadilishwa ndani ya Word kwenye kiolezo cha msingi, ili kila hati mpya izaliwe ikiwa A4.

Saa ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Mwalimu ni mtu wa saa za Kiswahili, na kila akitazama pembe ya kioo lazima atoe sita au aongeze sita. Saa kuu haifai kuguswa, kwa kuwa barua pepe na kalenda huitegemea. Lakini Windows huruhusu kuongeza saa mbili nyingine na kuzipa majina. Fundi alichagua majira ya Brasilia, yaliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 6 kamili, na kwa kuwa Brazil iliacha kusogeza saa zake kwa msimu mwaka 2019, tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima. Akaipa jina "Saa ya Kiswahili". Kwetu ikiwa 7:00 asubuhi, ile husoma 1:00. Mtu wa Brasilia hajui kwamba saa yake inamwambia Mwalimu saa moja ya asubuhi, tena kwa usahihi.

Kwa macho alitumia utaratibu uliomo kwenye Windows wa kulainisha kingo za herufi. Huonyesha vipande vya maandishi yaleyale yakiwa yamechorwa kwa namna tofauti kidogo, na kuuliza kipi kinasomeka vizuri, kama daktari wa macho anavyobadilisha lenzi na kuuliza hii au ile. Watu wengi hubofya chochote wamalize. Fundi alimzuia Mwalimu asiharakishe, akamtaka akae umbali anaokaa siku zote na avae miwani anayosomea. Ukubwa wa maandishi aliupandisha kwanza, mwanga akaupunguza baadaye, kwa kuwa mtu asiyeona herufi huongeza mwanga akidhani ndio unaokosekana.

Mtu angeweza kufikiri kwamba haya yote ni madogo mno kwa mabingwa waliobuni kompyuta. Sivyo. Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, ilikuja na kidirisha kimoja cha kurekebishia mambo kilichokuwa karibu hakina maneno kabisa. Michoro yake ilikuwa ya Susan Kare. Palipohitajika kuonyesha kasi ya kibodi, upande mmoja aliweka kobe, upande wa pili sungura. Mtoto yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kusimuliwa hadithi angekielewa kidirisha hicho bila kufundishwa, ingawa kilichorwa California. Ndani ya kisanduku kidogo vilikaa sauti, kasi ya mbofyo, kupepesa kwa kishale cha kuandikia, hata mapambo ya mandhari ya kioo ambayo mtu aliweza kuyachora nukta kwa nukta. Leo mipangilio imetawanyika kwenye kurasa zisizohesabika, na kila toleo jipya huzihamisha. Naamini tumepoteza kitu. Mtu alikuwa anaweza kuuona upana wote wa mamlaka yake kwa mtazamo mmoja.

Watu wa programu walikwenda njia nyingine, nao wana subira ya ajabu. Vim, programu ya kuandikia maandishi aliyoitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, huhifadhi matakwa ya mtumiaji wake katika faili moja la maandishi ya kawaida. Kila mstari ni uamuzi. Faili hilo hunakiliwa kutoka mashine hadi mashine, na wako watu waliolikuza kwa miongo, wakiongeza mstari mmoja pale tu kidole kilipoonyesha kuhitaji. Hata vitufe vyake vya kusogea, h, j, k na l, ni kumbukumbu ya mkono: Bill Joy alipoandika programu ya vi, mama yake Vim, alitumia terminali ya ADM-3A ambayo kwenye kibodi yake mishale ilikuwa imechorwa juu ya herufi hizo. Na ukiifungua Vim bila faili, ukurasa wake wa kwanza unakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea mwaka 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo lililokuwa limepigwa vibaya na UKIMWI, na mpaka alipofariki mwaka 2023 programu yake ilitolewa bure kwa ombi hilo moja.

Mteja mwingine wa fundi wetu haoni kabisa, ni karani. Anatumia NVDA, programu ya kusomea kioo kwa sauti iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana na James Teh, Waaustralia wawili wasioona, nayo haiuzwi. Sauti yake ya eSpeak husoma Kiswahili, ilimradi uiambie. Usipoiambia hukitamka kama Kiingereza, na hakuna awezaye kufuata. Kwa karani huyu fundi aliandaa mipangilio ya hali mbili. Akiwa ndani ya Word, kila alama ya uandishi husomwa, mkato na nukta na mabano, kwa kuwa ndiye anayehakiki barua za ofisi. Akisoma habari mtandaoni, alama nyingi hunyamaza. Kasi ya sauti waliipandisha pole pole, na sasa inakwenda kwa mwendo ambao mimi nasikia mvumo tu. Yeye anasikia maneno.

Laptop ya Mwalimu iliondoka ikiwa na mambo mawili ya mwisho. Wi-Fi ya simu yake iliwekwa alama kwamba ni ya kulipiwa kwa kipimo, ili Windows isimalize bando kwa masasisho. Na ile nakala ya dharura ambayo Word huitunza kila baada ya dakika 10 ilishushwa iwe kila dakika 1, kwa kuwa betri ya laptop iliyotumika haiaminiki umeme unapokatika. Juu ya kioo kulikuwa na faili moja jipya lenye kila kilichobadilishwa, kilikuwaje mwanzo, na namna ya kukirudisha. Fundi huliandika kwa kila mteja. Anasema mashine ni ya mwenyewe, na asiyejua kilichofanyika ndani yake amegeuzwa mpangaji.

Baada ya wiki kadhaa Mwalimu alirudi. Kuhusu mbofyo na kuteleza hakuwa na la kusema. Alipoulizwa, ilibidi akumbushwe kwamba viliwahi kumsumbua. Alilalamikia mshale. Fundi alikuwa ameukuza sana ili usipotee, nao ukawa unafunika neno analotaka kulisoma. Waliupunguza, na badala yake akawasha duara linaloonyesha mshale ulipo ukibonyeza Ctrl. Kisha mzee akaleta shauri jipya: mjukuu wake wa darasa la sita ameanza kuitumia mashine hiyohiyo jioni, ni wa mkono wa kushoto, na kila asubuhi Mwalimu hukuta vitufe vya kipanya vimegeuzwa. Fundi akamfungulia mtoto akaunti yake, maana mipangilio hii Windows huitunza kwa kila mtumiaji peke yake, akamwambia Mwalimu aje naye Jumamosi, amtazame akiandika.